Waragi si Tonto: Juu ya Neno Moja Linaloficha Vitu Viwili

Yako maneno ambayo kwa kutumika mno hayaulizwi tena maana yake. Neno "pombe" ni mojawapo. Mwalimu hulitamka darasani, mhubiri hulitamka mimbarini, mwenyekiti wa kijiji hulitamka barazani, na kila mmoja huamini kwamba wasikilizaji wake wamemwelewa. Lakini tukiwaomba wote watatu wachore kile walichokitaja, tutapata picha zisizofanana hata kidogo. Mmoja atachora mtungi wa tonto uliozungukwa na wazee wenye vibuyu, katika ua wenye arusi. Mwingine atachora dumu la plastiki lililofichwa nyuma ya mlango, na chupa ndogo iliyotiwa mfukoni. Hivyo ni vitu viwili. Lugha tunayoifundisha imeachwa ivibebe kwa jina moja, na kosa hilo la jina limezaa makosa ya sheria, ya mahubiri na ya malezi.

Sisi tunaofundisha Kiswahili katika wilaya ya Kasese, kuanzia mji wenyewe ulio chini ya milima ya Rwenzori hadi Bwera na kivuko cha Mpondwe, twashika kalamu kulishitaki neno hili. Hatuandiki kuwatetea walevi. Aliyefundisha watoto wa mlevi hana haja ya kuelezwa ubaya wa ulevi. Twaandika kwa sababu vita vinavyopigwa bila kumtambua adui humpiga asiyehusika na kumwacha adui akiendelea na safari yake.

Tonto na waragi

Tuanze na mambo yenyewe. Tonto hutengenezwa kwa ndizi mbivu zinazokamuliwa pamoja na majani, maji yake yakachanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha yakaachwa yachachuke. Kazi hiyo huchukua siku moja au mbili, na kinywaji kinachopatikana kina sehemu chache tu za kileo katika mia. Baada ya siku chache kingine huwa kimekwisha kuchachuka kupita kiasi, nacho humwagwa. Yafaa tuizingatie sifa hii ya mwisho, maana ndani yake mna hekima nzima ya kijamii. Kinywaji kisichokaa hakiwezi kufichwa, wala hakiwezi kulimbikizwa, wala mtu mmoja hawezi kukimaliza peke yake. Aliyekitengeneza hana budi kuwaita watu. Ndiyo maana tonto ilikuwa na siku yake na sababu yake: arusi, mavuno, maombolezo, kazi ya ujima shambani, au usuluhishi wa wagomvi waliokwisha kupatana. Kinywaji chenyewe kiliwaamuru watu wakae pamoja.

Waragi ni jambo lingine. Hapa kile kilichochachuka, kiwe cha ndizi, cha muhogo au cha molasi, hutiwa katika pipa na kuchemshwa. Kileo hugeuka mvuke katika joto la nyuzi 78 hivi, ilhali maji hungoja mpaka nyuzi 100. Basi mvuke wa kileo hutangulia, hupita katika bomba lililopozwa kwa maji baridi, ukatona tone kwa tone chomboni. Kiswahili kina kitenzi cha kazi hiyo, nacho ni "kukeneka". Limo katika kamusi zetu, lakini halimo vinywani mwa wanafunzi wetu, na tutalirudia mbele. Kinachopatikana huwa na kileo cha sehemu 40 katika mia, au zaidi. Hakiharibiki. Chaweza kukaa mwaka, chaweza kupanda pikipiki, chaweza kuvuka mto Lhubiriha usiku, chaweza kunywewa na mtu mmoja peke yake saa mbili asubuhi.

Basi tofauti ya tonto na waragi si ya nguvu tu, kama wengi wanavyodhani, ya kwamba hiki ni kikali na kile ni chepesi. Tofauti ni ya wakati na ya watu. Tonto ilifungwa na kuoza kwake. Waragi imefunguliwa kamba hiyo. Tonto ilihitaji jamii. Waragi haihitaji mtu mwingine ila mnunuzi. Jamii iliyojiwekea adabu za tonto kwa vizazi vingi, ya nani aonje kwanza, nani akatazwe, lini watu waondoke, haikuwa na adabu yoyote iliyoandaliwa kwa chupa ya mfukoni. Na adabu za kitu kimoja haziwezi kutumiwa kwa kingine kwa sababu tu vyote viwili vimeitwa "pombe".

Adhabu ya kutotofautisha

Watatuuliza wasomaji: je, jina tu laweza kudhuru? Twajibu kwamba laweza, na tutaonyesha namna gani.

Mhubiri anaposema kwamba pombe yote ni dhambi moja, na afisa anaposema kwamba pombe yote ya kienyeji ni kosa moja, mama anayeuza kinywaji ili amlipie mwanawe karo husikia jambo moja tu: kwamba mbele ya dini na dola hakuna tofauti kati ya mtungi wake wa tonto na dumu la jirani yake la waragi. Hapo hupiga hesabu. Tonto ni nzito, yahitaji ndizi nyingi na mikono mingi, huonekana na kila apitaye, na isipouzwa leo kesho ni hasara. Waragi ni nyepesi kubeba, hufichika, haiozi, na faida yake ni kubwa zaidi. Ikiwa lawama ni ileile, kwa nini asichague yenye faida? Hivyo kampeni iliyokusudiwa kupunguza ulevi huwahamisha wapikaji kutoka katika kinywaji kidogo kwenda katika kikubwa. Huo ndio uchumi wa neno moja.

Nasi walimu hatuna haki ya kuzungumza juu ya mama huyo kana kwamba twamtazama kutoka mbinguni. Sehemu ya karo zinazoendesha shule katika nchi hii imetoka katika mapipa hayo. Anayepiga kelele kwamba mitambo yote ivunjwe kesho alfajiri ana wajibu wa kusema mwanafunzi yule atalipiwa na nini kesho kutwa. Kilimo cha pamba kilipodhoofika na migodi ya shaba ya Kilembe iliposimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, mishahara iliyokuwa ikizunguka katika wilaya hii tangu reli ilipofika Kasese mwaka 1956 ilitoweka. Watu hawakutoweka. Aliyebaki bila mshahara alitafuta kitu kinachouzika kila siku, na kileo huuzika kila siku.

Hoja ya asili

Upande wa pili wako watetezi, na hao twagombana nao kwa nguvu ileile. Husema: "Waragi ni utamaduni wetu. Mababu walikunywa. Mwacha asili ni mtumwa." Methali ni njema, lakini imepewa kazi isiyo yake. Mababu walikunywa tonto. Hakuna ushahidi kwamba Wakonzo wa milimani, au ndugu zao Wanande ng'ambo ya mpaka, walikuwa na mtambo wa kukeneka kabla ya misukosuko ya mwisho wa karne ya 19. Utamaduni wa kileo ulikuwapo, waragi haikuwamo.

Na hapa pana kisa ambacho kila mwalimu wa Kiswahili katika sehemu zetu angepaswa kukijua, maana chatuhusu mara mbili. Mwaka 1889 Emin Pasha aliondoka Ikwatoria pamoja na Stanley, akiwaacha nyuma wengi wa askari wake Wasudani. Mwaka 1891 Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza alipita Toro, akajenga ngome aliyoiita Fort George palepale Katwe, penye ziwa la chumvi, ambalo leo limo katika wilaya ya Kasese. Kisha alikwenda hadi Kavalli, magharibi ya Ziwa Albert, akawachukua askari hao wa Selim Bey, mia kadhaa, pamoja na maelfu ya wake, watoto na wafuasi wao, akawagawa katika ngome zake za Toro. Wao na vizazi vyao ndio walioitwa Wanubi. Hao ndio wanaotajwa kuwa walieneza ujuzi wa kukeneka katika nchi hizi, hasa wanawake wao. Na huko Kibera, Nairobi, ambako askari wa Kinubi walipewa makazi na serikali ya kikoloni, jini ya Kinubi ilijulikana mji mzima.

Jina lenyewe latoa ushahidi. Waarabu husema "araq", maana yake jasho, kwa kuwa mvuke unapopoa hutona ukutani mwa chombo kama jasho usoni. Waturuki wakasema "rakı", Wamongolia wakasema "arkhi" kwa kileo cha maziwa, watu wa Sri Lanka wana araki inayokenekwa kutokana na tembo la mnazi, Waethiopia wana araki yao, na Wasudani huita kileo chao cha tende "aragi". Mtu ahitaji masikio tu kusikia kwamba waragi ni ndugu wa ukoo huo. Lakini katika shule nyingi za Uganda watoto wamefundishwa, na wangali wakifundishwa, kwamba neno hili ni Kiingereza kilichoharibika: ati Waingereza walisema "war gin", yaani jini ya vita, na Waafrika wakashindwa kulitamka. Twawauliza wanaoshikilia hadithi hiyo: Je, Wasudani nao walishindwa kutamka Kiingereza, wakaja na neno lilelile kasoro herufi moja? Na Waturuki je? Hadithi ya "war gin" yapendwa kwa sababu yampa Mwingereza hata ubunifu wa jina la kileo cha magendo. Mwalimu wa lugha anayeikariri bila kuipima anafundisha unyonge, tena unyonge usio na msingi.

Tumesema kisa hiki chatuhusu mara mbili. Mara ya pili ni hii: njia iliyoileta waragi ndiyo iliyokileta Kiswahili cha kambini. Askari wale wale, ngome zile zile, na baadaye jeshi la King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902, ndivyo vilivyoieneza lugha yetu katika sehemu nyingi za Uganda. Wazee wengi huku walikisikia Kiswahili kwanza kikitamkwa na mtu mwenye bunduki, na mara nyingi mwenye kileo kichwani. Amri ya mwaka 1973 ya Idi Amin ya kukifanya Kiswahili lugha ya taifa haikupunguza dhana hiyo, iliizidisha. Kwa hiyo mtu anayesema leo kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na walevi hasemi ovyo kabisa. Anakumbuka nusu ya historia. Nusu ya pili, ya ushairi na elimu, ya biashara na undugu, ni kazi yetu kuionyesha. Lakini hatutaionyesha kwa kuficha nusu ya kwanza.

Chungu cha maskini na chupa ya tajiri

Sasa tuitazame sheria. Mkataba uliotiwa saini huko Saint-Germain-en-Laye mwaka 1919 na mataifa yenye makoloni ulikataza ukenekaji wa vileo katika sehemu kubwa ya Afrika. Ungeweza kuitwa mkataba wa huruma, kama usingekuwa na mlango wa nyuma: Mzungu katika klabu yake aliendelea kunywa wiski. Lililokatazwa halikuwa kileo kikali. Lilikuwa Mwafrika kukishika. Ndipo kileo kilichokenekwa kikapata heshima ya tunda lililokatazwa. Kukinywa kukawa dalili ya kuwa mtu kamili, na kukipika kwa siri kukawa namna ya kuikaidi serikali. Heshima hiyo ya uongo tumeirithi, wala haijatutoka.

Baada ya uhuru, katikati ya miaka ya 1960, Uganda ilitunga sheria ya enguli, jina la Kiganda la waragi isiyosafishwa. Sheria hiyo ilisema kwamba hakuna kukeneka bila leseni, na kwamba kilichokenekwa kiuzwe kwa kiwanda, ambacho kingekisafisha na kukitia katika chupa yenye jina la nchi. Fikra haikuwa mbaya. Lakini tazama matokeo yake katika lugha na katika fikra za watu. Kilichomo chupani kikawa fahari ya taifa, kikatangazwa kwa mabango na kuuzwa katika viwanja vya ndege. Kilichomo katika dumu la mama wa Bwera kikaendelea kuwa uhalifu. Wote wawili wanauza kitu kimoja kwa tabia yake: kileo kilichokenekwa, kisichooza, kinachonyweka na mtu peke yake. Tofauti ni usafi, kodi na karatasi ya rangi. Usafi na kodi ni mambo makubwa, hatuyadharau. Lakini ini la mnywaji halisomi karatasi.

Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku vileo vikali vya pakiti za plastiki, vile vilivyoitwa viroba, tangu Machi 1, 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019. Twazipongeza hatua hizo. Zilikuwa nadra ya sheria zilizogusa kiini cha jambo, yaani udogo wa kipimo na wepesi wa kukificha, badala ya kumfukuza mpikaji vichakani. Hata hivyo kiroba kilichobadilika kuwa chupa ndogo ya plastiki bado ni kiroba. Nasi wa Bwera twajua jambo ambalo mtunga sheria wa mjini aweza kulisahau: mto wa mpakani hauna ukuta. Ng'ambo yake ni Kasindi, nchi ya Kongo, watu wetu ni wamoja, soko letu ni moja, na mambo ya soko hilo huzungumzwa kwa Kiswahili kama yanavyozungumzwa kwa Kikonzo. Sheria isiyosemezana na sheria ya jirani haifungi mlango. Hupandisha bei ya kupita.

Wengine walipitia wapi

Hatuko peke yetu duniani, wala si sisi wa kwanza kusumbuliwa na mvuke huu. Waskoti waliita kileo chao kwa jina lenye maana ya maji ya uzima, kama Wafaransa walivyoita chao. Kumbe kila taifa lililojifunza kukeneka lilidhani kwanza limepata dawa. Huko London mwanzoni mwa karne ya 18 jini iliwaangamiza maskini. Bunge lilitunga sheria mwaka 1736 ya kudai ada ya pauni 50 kwa mwaka kwa kila muuzaji. Karibu hakuna aliyelipa, wauzaji wakaingia mafichoni, wachongezi wakapigwa mitaani, na jini ikaendelea kutiririka mpaka sheria ikafutwa. Sheria ya mwaka 1751, iliyokuwa na kiasi zaidi na kuwabana wenye viwanda wasiwauzie wachuuzi wasio na leseni, ndiyo iliyosaidia. Uskoti ilikuwa imejaa magendo ya wiski mpaka mwaka 1823, serikali ilipoipunguza ada ya leseni hadi pauni 10. Baada ya hapo wengi walijitokeza hadharani.

Karibu nasi, Kenya iliipiga marufuku chang'aa kwa sheria ya mwaka 1980, na chang'aa ikaendelea kupikwa miaka 30. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa kileo chenye sumu, na waliosalia baadhi yao wakapofuka. Mwaka 2010 Kenya ikageuka, ikairuhusu chini ya masharti. Hata hivyo Mei 2014 makumi ya watu walikufa tena kwa sumu ileile. Mwaka huohuo wa 2010 hapa Uganda, katika sehemu za Kabale, waragi iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 80.

Wapingaji wa kila upande huvitumia vifo hivi watakavyo. Mmoja asema: "Mwaona? Kataza!" Mwingine asema: "Mwaona? Ruhusu!" Twasema kwamba wote wawili wameruka jambo lenyewe. Ukenekaji wa ndizi hutoa methanoli kidogo tu. Vifo vya makumi kwa makumi havitoki huko. Hutoka kwa mfanyabiashara anayenunua methanoli ya viwandani, inayokusudiwa kwa rangi na viyeyusho, akaichanganya ili dumu moja liwe mawili. Wahenga walisema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mgema wa kale alitia maji, na hasara ikawa ya ladha. Mgema wa leo hutia sumu, na hasara ni kaburi. Anayestahili kufuatwa kwa bidii zote za polisi ni huyo, pamoja na aliyemuuzia. Badala yake anayekamatwa aghalabu ni ajuza mwenye pipa moja, kwa sababu hawezi kukimbia.

Wala tusije tukaelewa vibaya. Kusema kwamba pipa la ajuza haliui kwa makumi si kusema kwamba haliui. Huua taratibu, mmoja mmoja, kwa ini na kwa kisu, kwa pikipiki na kwa njaa ya watoto, na vifo hivyo haviandikwi magazetini kwa kuwa havitokei siku moja. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2004 iliiweka Uganda mbele ya nchi zote kwa kiasi cha kileo kwa kila mtu mzima. Hiyo si sifa ya tonto.

Kazi yetu darasani

Sasa twawageukia walimu wenzetu, ambao ndio hasa tuliokusudia kugombana nao. Baraza la mawaziri la Uganda liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Twakifundisha vipi kuhusu jambo hili linalowala watu wetu? Twawapa wanafunzi insha ya "Ubaya wa Pombe". Mwanafunzi huandika kwamba pombe huleta umaskini, pombe huvunja ndoa, pombe huleta magonjwa, kwa kumalizia pombe ni mbaya. Hupewa alama 14 katika 20, kisha hurudi nyumbani kubeba dumu. Hakuna alichokifikiri. Insha yake ingeweza kuandikwa na mtu asiyepata kuona wala tonto wala waragi.

Twataka mambo manne.

Kwanza, maneno yarudishwe kazini. Kila mwanafunzi ajue tofauti ya kuchachua na kukeneka, na asiruhusiwe kuandika "pombe" bila kusema ni ipi. Kiswahili si maskini katika jambo hili. Kina tembo na mnazi wa pwani, mbege ya Wachaga, rubisi ya Wahaya, ulanzi wa Iringa, busaa ya Kenya, tonto ya kwetu; hayo ni yaliyochachuliwa. Kina gongo, chang'aa, waragi, na kanyanga ya Rwanda na Kivu. Hayo ni yaliyokenekwa. Lugha yenye orodha mbili kama hizo haina udhuru wa kuzichanganya.

Pili, tuyavue nguo majina ya uongo. Watu husema wamepiga maji, wamekata maji, wamechapa mtindi, kana kwamba kileo ni maji au maziwa. Gongo huitwa machozi ya simba, na kijana hudhani kwamba ameyanywa ya mnyama aliyemshinda. Hii ni tamathali, na kufundisha tamathali ni kazi yetu. Mwanafunzi aulizwe: jina hili lamfaidi nani? Lingekuwa na mvuto gani kama lingesema kweli?

Tatu, somo la asili ya neno "waragi" lifundishwe kwa ushahidi. Humo mna historia ya Katwe, ya Wanubi, ya njia za Kiswahili na Kiarabu, na kanuni za mkopo wa maneno, yote katika neno moja analolijua kila mtoto. Ni kitabu gani cha kiada kilicho na mfano bora kuliko huo?

Nne, insha zibadilike. Mwanafunzi wa Bwera amhoji bibi yake jinsi tonto ilivyonywewa arusini, nani aligawa, nani alizuiwa, nini kilitokea kwa aliyelewa mbele ya wakwe. Aandike kwa Kiswahili sanifu. Kisha aandike jinsi waragi inavyonywewa leo kituo cha pikipiki. Azilinganishe habari hizo mbili, na hukumu atoe mwenyewe. Hatuna shaka kwamba atatoa kali kuliko yetu, na itakuwa yake.

Tutaambiwa kwamba hayo si kazi ya walimu wa lugha; ni kazi ya madaktari, ya polisi na ya viongozi wa dini. Twajibu kwamba daktari, polisi na kiongozi wa dini wote watasema kwa maneno, na maneno hayo watakuwa wameyapata kwetu. Tukiwapa neno moja kwa vitu viwili, watapiga palipo pepesi kupigwa: ua wa arusi, na mtungi usiofichika. Tukiwapa maneno mawili, angalau watajua wanakwenda kupigana na nini. Walimu wa Kasese na Bwera waanze na orodha hizo mbili ubaoni muhula huu, na wenzetu wa Kasindi ng'ambo ya mto waongeze majina ambayo sisi hatuna.